Faida ya kazi na faida ya bei

Mwaka ambao bei imepanda, kila mwenye ghala la alizeti hapa Singida ni mjanja. Anakaa kibarazani anaeleza alivyoona mbali, na wanaomsikiliza wanaitikia kwa vichwa. Mwaka unaofuata bei ikianguka, mtu yuleyule atakwambia mafuta ya nje yameingizwa kwa fujo, wakulima wamelima kupita kiasi, madalali wamekula njama. Faida ilikuwa akili yake, hasara ni ya watu wengine. Nimekaa kwenye kazi ya kukamua alizeti kwa miaka mingi sasa, na jambo ambalo limenisaidia kuliko mengine yote ni kutenganisha fedha ninayoipata kwa sababu tumefanya kazi vizuri na ile ninayoipata kwa sababu soko limetubeba. Usipozitenganisha hutajua wewe ni hodari au una bahati. Na siku ya kuamua jambo kubwa utaamua kwa kifua cha hodari.

Niseme kidogo kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaifahamu alizeti ikiwa imeshakuwa mafuta kwenye madumu ya njano yaliyopangwa kando ya barabara, mabasi yakisimama abiria wananunua pamoja na kuku. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Alizeti hupandwa Desemba na Januari, ikavunwa kuanzia Mei. Juni na Julai mzigo ni mwingi, mkulima ana madeni yake, bei iko chini. Kuanzia Novemba mzigo unaadimika na bei hupanda. Hupanda mara nyingi, si kila mara, na ndani ya hiyo "mara nyingi" ndimo walimozama watu kadhaa ninaowafahamu vizuri.

Mashine inaingiza fedha kwa njia mbili. Unaweza kununua alizeti yako, ukaikamua, ukauza mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa. Au mkulima analeta magunia yake, unamkamulia, anaondoka na mafuta yake na mashudu yanabaki kwako kuwa ndiyo malipo. Mtu wa nje anadhani mashudu ni takataka. Sisi tunajua kuna miezi yanayobeba mashine nzima, kwa sababu wafugaji wanayataka, watengeneza chakula cha kuku wanayataka, na malori yanayapeleka hadi Kenya.

Sasa hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, si bei ya leo. Gunia umelinunua Juni kwa shilingi 45,000 ukaliweka ghalani. Desemba unalikamua, linatoa lita 18, kila lita unaiuza jumla kwa 3,500. Hiyo ni 63,000. Mashudu yanatoka kilo 40, kwa shilingi 400 ni 16,000. Jumla 79,000. Toa umeme, vibarua, madumu, vipuri na ushuru, tuseme 11,000, unabaki na 68,000. Toa na bei ya alizeti, faida ni 23,000. Mwenye mashine anapiga kifua: mashine inanilipa elfu ishirini na tatu kwa gunia.

Haimlipi hivyo. Desemba hiyo hiyo gunia la alizeti sokoni ni 60,000. Angeliuza lilivyo, bila kulifungua, angepata 15,000 mkononi. Mashine, pamoja na makelele yake yote na umeme wa LUKU unavyokimbia, imeongeza 8,000 tu.

Aliyenionyesha hili ni mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Shinyanga, enzi za ushirika. Alikuwa akija kununua mashudu ya ng'ombe wake wawili wa maziwa, na kila akija anakaa kwenye benchi pale nje hata kama amekwisha kupakiwa mzigo. Siku moja nilikuwa nikijumlisha hesabu za mwezi, akaniuliza:

"Mwanangu, hii alizeti unayokamua, mashine imeinunua kwa nani?"

Nikamwambia, "Mzee, mashine ni yangu na ghala ni langu. Ninunue kwa nani tena?"

"Basi nunua kwako. Ghala liuzie mashine kwa bei ya leo. Siyo ile uliyonunulia wewe, bei ya leo ya mnadani. Andika daftari la ghala peke yake na la mashine peke yake. Halafu uje uniambie nani anamlisha mwenzake."

Nilimheshimu kwa umri wake nikaitikia, lakini kwa kweli niliona ananiongezea kazi ya karatasi. Nilianza kuandika hivyo baadaye kidogo, msimu ulipokuwa mgumu na nilitaka kujua fedha inakwama wapi. Kila asubuhi tunauliza bei ya gunia sokoni, tunaiandika juu ya ukurasa, na kila gunia linalotoka ghalani kwenda kwenye mashine linahesabiwa limeuzwa kwa bei hiyo.

Daftari la mashine likaonyesha kitu ambacho macho yalikuwa hayaoni. Mashine ilikuwa inapata faida ndogo ndogo, karibu muda wote, ila kuanzia katikati ya Januari hadi Machi ilikuwa inakula. Sababu yake ni nyepesi ukishaiona. Miezi ile alizeti inapanda bei haraka kwa kuwa haipo, lakini mafuta hayawezi kuifuata yakapanda vilevile, kwa sababu muuza duka ana mafuta ya michikichi kutoka Malaysia na Indonesia yanayomsubiri mteja pembeni. Alizeti inaamuliwa na uhaba wa hapa hapa. Mafuta yanaamuliwa na bei ya bandarini. Mwenye mashine amebanwa katikati, na anaendelea kukamua kwa sababu mashine ikilala mtaa mzima utasema amefilisika.

Tukabadilisha. Miezi hiyo ghala linauza alizeti ilivyo kwa wanaoitaka, na mashine inawakamulia wakulima waliojiwekea magunia ya alizeti kwa mafuta ya kula nyumbani, kwa malipo ya mashudu. Siku nyingine inawaka saa mbili tu. Watu walisema. Mume wangu mwenyewe aliniuliza kama kuna jambo namficha. Nikamwekea daftari mezani. Alilisoma, akalirudia, akaenda zake kulala. Kesho yake nilimsikia akimweleza jirani yetu kwa nini mashine yetu haiungurumi Februari, anaeleza kama vile amebuni yeye.

Vibarua ndio walionipa shida ya moyo kuliko hesabu. Ukizima mashine, mtu anakosa posho ya siku. Wengine wana mashamba, msimu huo wako palizi, hawakulalamika. Opareta na msaidizi wake tuliwaweka kwa mshahara wa mwezi, na kipindi hicho ndicho cha kufungua mashine, kubadilisha skrubu iliyolika, ile inayosukuma na kuminya alizeti, kusafisha chujio, kupaka rangi. Hilo lilitugharimu, ila lilikuwa gharama tuliyoiandika na kuiona. Ile ya kukamua kwa hasara ilikuwa haionekani.

Daftari la ghala nalo lilikuwa na habari yake. Faida kubwa kubwa zilitoka kwenye misimu michache sana. Misimu mingine ghala lilikuwa linalipia riba, panya na uzito unaopungua, basi. Alizeti iliyoingia ikiwa na unyevu inakauka humo ndani. Ulinunua kilo 65, unakuja kupima 62, na hakuna mwizi. Nikitazama ukurasa kwa ukurasa, sikuona mahali popote pa kuonyesha kwamba nina kipaji cha kujua bei itakwenda wapi. Nilikuwa na ghala, na miaka fulani bei ilipanda. Ndiyo yote.

Kujua hivyo kuliniwekea mpaka ambao nimeushika hadi leo: alizeti ya kuhifadhi inanunuliwa kwa fedha yetu wenyewe. Fedha ya mkopo inanunua ile tu ambayo mashine itaikamua na mafuta yake yakauzwa kabla ya rejesho linalofuata. Mpaka huu hausemi kwamba benki ni mbaya. Rejesho lina tarehe, bei haina tarehe, na ukivifunga pamoja, tarehe ndiyo itakayokulazimisha kuuza.

Mpaka huo umewahi kuniumiza, nalo niliseme. Kuna msimu bei ilipanda kuanzia mavuno na haikurudi. Ghala letu lilikuwa limejaa nusu. Jirani yangu wa kazi, mtu mwenye mashine mbili, alichukua mkopo akajaza ghala lake na jengo la kupanga juu yake, na kufika Desemba alikuwa amenunua lori. Alinipigia honi akipita. Kwa mwaka mzima uliofuata nilikuwa mfano wa mtu mwoga: kwenye vikao vya wakamuaji, kwenye misiba, popote. Dada mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, aliniambia, "Shoga, biashara ni roho." Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa matokeo ya mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Halafu ukaja mwaka 2022. Vita vya Urusi na Ukraine vilianza tarehe 24 Februari, na nchi hizo mbili ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mafuta yake ya michikichi kutoka nje ya nchi. Kule Malaysia, ambako bei ya mafuta hayo hupangiwa, tani moja ilikuwa imepita ringgit 7,000, bei isiyowahi kuonekana. Na sisi ndiyo tunaingia msimu wa mavuno. Ilikuwa kana kwamba dunia nzima imekaa kikao ikaamua kututajirisha watu wa Singida na Dodoma. Malori yalishuka vijijini alizeti ikiwa haijakauka. Wanunuzi walilipia shambani vichwa vikiwa bado vimesimama. Mkulima naye, kwa haki yake, alishikilia mzigo akisema itapanda tu. Mtu mwenye mashine ambaye hakuwa anatafuta mkopo mwezi ule alionekana ana kasoro.

Nilinunua kiasi cha fedha yetu, nikasimama. Watu wananisifu kwa hilo hadi leo, na ninapenda kuwasahihisha kwa sababu sifa hiyo ni ya uongo. Sikujua bei itaanguka. Hakuna aliyejua. Indonesia ilifungua tena mauzo yake tarehe 23 Mei, na kufikia katikati ya Julai ile tani ya Malaysia ilikuwa chini ya ringgit 4,000. Lakini kama zuio lile lingekaa mwaka mzima, au vita vingezidi kufunga njia za meli, ghala langu nusu lingechekwa mara ya pili, na uamuzi ungekuwa ni uleule. Jirani yangu wa lori naye aliamua jambo lilelile mara mbili, kujaza kwa mkopo. Mara ya kwanza likampa lori, mara ya pili likalichukua, na jengo la kupanga lilibaki na alizeti hadi ilipoanza kunuka uvundo. Ukimhukumu kwa matokeo, mara ya kwanza alikuwa na akili na mara ya pili alikuwa mjinga. Mtu hawi hivyo. Alikuwa yuleyule, akiweka kila kitu juu ya bei isiyo mikononi mwake.

Msimu wa 2023 ndio uliowaumiza wakulima hasa. Waliolima kwa kutazama bei ya jana walivuna katika bei ya kesho yake, na wengi walipunguza ekari mwaka uliofuata. Hilo nalo lina somo lake kwa mwenye mashine, kwa sababu mkulima akiacha alizeti leo, wewe ndiye utakayekosa mzigo mwaka kesho.

Kuna kitu kimoja kilichonipa fununu mwaka ule wa 2022, nacho nakithamini kuliko habari za redio. Ni akina mama wanaochukua mafuta kwangu kwa mali kauli. Wanachukua dumu asubuhi, wanapimia watu mtaani, mafuta ya mia tano, ya elfu moja, na jioni wanaleta fedha. Kwa muda mrefu nilikuwa naangalia wanaleta kiasi gani. Binti anayekaa na daftari la madeni ndiye aliyeniambia, mwezi Juni, bei ya mdomo ikiwa bado juu kabisa, "Mama, siku hizi hawaji jioni. Wanakuja kesho yake, wengine keshokutwa." Hakuna aliyekataa kulipa. Walikuwa wanachelewa tu. Nikamwita mmoja tunayeheshimiana, nikamuuliza taratibu, bila kumdai.

"Mama, dumu haliishi," akasema. "Aliyekuwa anachukua lita anachukua nusu. Aliyekuwa anachukua nusu ananunua ya mia tano. Na kuna mafuta ya nje yameshuka pale dukani."

Bei ninayoambiwa na dalali ni bei anayotamani. Siku za kuchelewa kwa deni ni bei ambayo mlaji ameshaikataa. Tangu hapo ukurasa wa madeni tunausoma kwa siku: nani alilipa jioni ileile, nani kesho yake, nani siku ya tatu. Wengi wakihama kutoka jioni kwenda kesho yake, tunapunguza kununua hata kama soko linapiga kelele. Na yule binti nilimpandisha, si kwa sababu ya kuhesabu vizuri, wanaohesabu vizuri wako wengi. Alileta habari ambayo bosi wake asingeipenda, siku ambayo kila mtu alikuwa anasherehekea. Mtu wa namna hiyo ukimpata usimwache akae mbali na wewe.

Habari mbaya hazipandi ngazi zenyewe. Kila mtu katika kazi ana sababu ya kuzichelewesha, na mara nyingi sababu hiyo umeiweka wewe kwa namna unavyomlipa. Opareta ndiye mfano nilio nao karibu. Kwenye mashine nyingi huku opareta analipwa kwa gunia. Basi anakimbiza magunia: analegeza mashine, alizeti inapita haraka, na mashudu yanatoka yamebeba mafuta. Ukiona hilo ukaamua kumlipa kwa lita, anakaza hadi mwisho. Lita zinaongezeka kweli, lakini chuma kinachemka, mafuta yanatoka meusi yana harufu ya kuungua, na skrubu iliyotakiwa imalize msimu inalika kabla. Kila malipo yanamfundisha mtu kuficha kitu fulani.

Tukaishia kwenye mshahara wa mwezi, na ukaguzi wa mikono. Mashudu yanayotoka vizuri ni vipande vyembamba, vikavu, ukivunja unasikia vinakatika. Ukiyafinya kwenye kipande cha bahasha ya kaki, karatasi ibaki na vumbi, isibaki na doa. Doa likiwepo kuna sababu tatu au nne: mashine imelegea, alizeti ina unyevu, alizeti ni mchanganyiko wa mbegu yenye ganda nene, au skrubu imekwisha. Opareta wetu anazitofautisha kwa sikio kabla ya kuona. Alizeti mbichi ikiingia mlio unashuka na kuwa mzito, naye anasimamisha na kuniita. Zamani angesimamisha angekosa gunia lake, hivyo asingesimamisha. Sasa akisimamisha hapotezi kitu. Karatasi za kaki tunazibandika ukutani na tarehe, na kila anayepita anaziona, mkulima na mnunuzi wa mashudu vilevile.

Habari ya mzani ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu iligusa familia. Aliyekuwa anapima mizigo ya wakulima ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kijana mchangamfu, anajua lugha zote za huku, wakulima wanacheka naye. Taratibu magunia ya upande wa Mkalama yakaanza kupungua. Hakuna aliyelalamika, mkulima akihisi kapunjwa hagombani, anapeleka mzigo kwingine na kuwaambia wenzake kisimani. Mzee mmoja tu, tena kwa utani baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia, "Mzani wako, mwanangu, umeshiba."

Ningeweza kufanya uchunguzi, kumvizia shemeji, kumweka kikao cha ukoo. Nilitafakari nikaona hata nikijua ukweli, nitakuwa nimevunja nyumba ili kupata jibu la swali ambalo mkulima hajaniuliza. Mkulima haulizi nani aliiba. Anauliza ataaminije kesho. Kwa hiyo mzani tukautoa ndani tukauweka nje mbele ya geti, chini ya mti, ulipo benchi. Pembeni yake tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Kila mwenye shaka anaunyanyua, anauweka juu ya mzani, anasoma mwenyewe. Mwanzoni kila mkulima aliupima. Sasa ni wageni tu. Shemeji tulimpeleka kwenye mauzo ya mashudu, kuzunguka na malori, na mdomo wake ule umetuletea wateja wa Babati na Arusha ambao mimi nisingewapata. Mpaka leo sijui kama aliwahi kumpunja mtu. Biashara haikuhitaji nijue.

Watu wakisikia hili wananiambia nilikuwa na huruma. Ilikuwa hesabu. Nilijiuliza ni jambo gani nikiliamua vibaya naweza kulirudisha, na lipi siwezi. Mzani unaweza kuurudisha ndani wiki ijayo. Neno "mwizi" ukilisema mbele ya mama mkwe halirudi. Mambo ya kurudishika nayaamua siku hiyohiyo, mengine nayaachia hata wafanyakazi waamue na wasiniulize, kama bei ya kumpunguzia mteja wa madumu matano, au kubadilisha kibarua. Yasiyorudishika nayalalia. Kumwita mtu mwizi, kusaini mkopo mrefu, kuingia ubia, kununua mashine kubwa: hayo yakinijia yana haraka, nauliza haraka ni ya nani.

Na sasa ninalo moja la namna hiyo. Wapo wanaotuuzia wazo la mtambo wa kusafisha mafuta, ili tuache kuuza mafuta ya kawaida kwenye madumu ya njano, tuuze yaliyosafishwa kwenye chupa zenye nembo ya shirika la viwango, TBS, tuingie kwenye maduka makubwa ya Dodoma na Dar es Salaam. Wazo si baya. Anayeuza mtambo amekuja na karatasi nzuri ya rangi yenye hesabu za faida kwa mwezi. Nikaisoma na yule binti wa daftari, yeye akiwa na kalamu nyekundu. Tulipoitenganisha tuliona alizeti kwenye karatasi ile imepigiwa bei ya Juni na mafuta yamepigiwa bei ya Januari, mwaka mzima. Yaani faida yote ni ya ghala, mtambo umesimama pale umevaa nguo za mwenzake. Tukaipiga upya kwa bei ya siku moja pande zote mbili. Faida ikabaki, ila ndogo, na inategemea mtambo ufanye kazi karibu kila siku, wakati huku alizeti haipatikani kila siku kwa bei ya kukamulika.

Mtambo usiolala unahitaji mzigo usiokatika, na mzigo usiokatika unahitaji ama ghala kubwa la fedha ya mkopo, ambalo nimeshasema silitaki, ama wakulima wenye makubaliano na sisi kabla ya kupanda, wanaochukua mbegu bora kwetu na kurudisha mavuno kwetu. Njia hiyo ya pili ndiyo tunayoichunguza. Ina matatizo yake. Mkulima aliyepewa mbegu kwa makubaliano anaweza kumuuzia mwingine usiku bei ikipanda, na mwenye mashine naye anaweza kugeuka bei ikishuka; nimeona yote mawili. Tumeanza na vikundi vichache ambavyo vimekuwa vikileta kwetu tangu mzani utoke nje.

Muuza mtambo anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi, anasema bei itapanda. Nimemwambia aipeleke alizeti yetu kwenye mtambo wake mmoja ulioko kazini, magunia kumi ya mbegu ya kienyeji na kumi ya mbegu chotara, tupime wote kinachoingia na kinachotoka, pamoja na mafuta yanayopotea katika kusafisha, maana hayo kwenye karatasi yake hayamo. Amesema atauliza ofisini kwao. Wiki imepita hajapiga simu, na opareta ameshatenga magunia ishirini pembeni, yamepimwa, yanamsubiri.